Deni kwa Samaki Ambaye Hajafika

Tangi jipya la kioo lililojazwa maji ya bomba asubuhi huonekana tayari kufikia jioni. Maji yametulia, changarawe imeoshwa, pampu inatoa mapovu; kwa macho ya binadamu kilichobaki ni samaki tu. Kwa samaki mwenyewe, kinachokosekana ni kikubwa kuliko vyote vilivyomo. Samaki hutoa amonia mfululizo, sehemu kubwa kupitia matamvua yake, na kinyesi na mabaki ya chakula yanapooza huongeza nyingine. Ziwani sumu hiyo hutawanyika katika maji mengi na kutumiwa na bakteria walioenea juu ya kila jiwe na kila jani. Ndani ya lita 60 za maji mapya bakteria hao hawapo, au ni wachache mno, na sumu hubaki palepale ilipotolewa. Kuwalea bakteria hao kabla samaki wa kwanza hajaingia ndiko kunakoitwa hapa kukomaza tangi. Ni kazi ya kemia na biolojia, lakini imebeba swali ambalo wanadini na wanafalsafa wamelizungukia kwa karne nyingi bila kumtaja samaki: je, mtu anaweza kuwa na wajibu kwa kiumbe ambaye bado si wake?

Kazi yenyewe ina hatua mbili. Bakteria wa kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti. Wa kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati. Sergei Winogradsky, mwanasayansi wa Urusi, aliwatenga bakteria wa aina hii karibu na mwaka 1890 alipokuwa akifanya utafiti Zürich, akaonyesha kwamba nishati yao hutokana na kemikali hizo zenyewe, si na mwanga wa jua wala na kula viumbe wengine. Maisha ya namna hiyo huenda polepole. Bakteria wa kawaida wa tumboni huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hali ikiwa nzuri. Hawa huhitaji saa nyingi, mara nyingine siku nzima au zaidi. Kwa hiyo tangi huchukua wiki nne hadi sita kukomaa. Katikati ya muda huo kuna kipindi cha hatari kinachowanasa wengi: amonia imeshuka, mwenye tangi amefurahi, kumbe nitriti ndiyo imepanda. Nitriti huingia katika damu na kuiharibu hemoglobini isibebe oksijeni. Damu hugeuka kahawia, na samaki hukosa pumzi katikati ya maji yenye hewa ya kutosha. Nitrati, mazao ya mwisho, haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Mimea huitumia, na iliyobaki hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji.

Mahali napo huingilia. Wandegeya, chini ya kilima cha Makerere jijini Kampala, maji ya bomba asili yake ni Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale. Husafishwa hasa katika mitambo ya Ggaba na kutiwa klorini. Klorini ileile inayomkinga mtoto na kipindupindu huunguza matamvua na kuwaua bakteria wanaotafutwa, hivyo maji huachwa wazi kwenye ndoo kwa siku nzima au hutiwa dawa ya kuiondoa. Mtu wa fikihi atatambua hapa jambo la kupendeza: maji hayo ni maangavu kwa macho, ni salama kwa kunywa, ni twahara na yanafaa kwa udhu, na bado yanaua. Usafi haumo ndani ya maji peke yake, umo kati ya maji na yule atakayeyatumia. Tena mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na kwa ajili hiyo maji yake hushika oksijeni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko maji yasiyo na chumvi ya joto lilelile pale Mombasa. Chumba kisichopashwa joto hukaa karibu na nyuzi 22 au 23, ilhali bakteria hawa huchangamka zaidi kwenye nyuzi 28. Na umeme ukikatika kwa saa kadhaa, maji ndani ya filta iliyofungwa huishiwa oksijeni, na koloni iliyolelewa mwezi mzima huweza kuanza kufa usiku huohuo. Wiki sita za kwenye vitabu Wandegeya huweza kuwa nane.

Njia za kukomaza tangi ni mbili. Ya kwanza ni kununua samaki wawili watatu wa bei rahisi na wenye mwili mgumu, gapi kwa mfano, au vifaranga vya ngege, na kuwaacha waishi katika amonia yao wenyewe mpaka bakteria waote. Wakifa hununuliwa wengine. Wakipona wanakuwa wenyeji wa tangi. Ya pili ni kuwalisha bakteria bila samaki. Hutiwa amonia ya dukani isiyo na sabuni wala manukato, takriban miligramu 2 kwa kila lita. Isipopatikana, chakula cha samaki huachwa kioze majini, au mukene wakavu wasiotiwa chumvi, dagaa wa kawaida wa soko la Wandegeya, hufungwa katika kitambaa na kuzamishwa. Harufu yake si ya kufurahisha. Tangi huhesabiwa limekomaa pale kipimo kamili cha amonia kinapoisha ndani ya saa 24, nitriti nayo ikiwa sifuri, na nitrati ikionekana. Sehemu kubwa ya maji hubadilishwa, kisha samaki huingizwa wachache wachache, kwa kuwa koloni hulingana na mzigo iliouzoea. Kuna njia ya mkato iliyo halali kabisa: kipande cha sponji kutoka filta ya tangi la zamani lenye samaki wazima, kikihamishwa kikiwa kibichi, hupunguza wiki nyingi kuwa chache.

Mtu anayefuata njia ya kwanza kwa uangalifu mkubwa, akipima na kubadilisha maji kila siku, huweza kuwavusha samaki wake wakiwa hai. Hilo ni kweli na halipaswi kufichwa. Lakini ushauri unaotolewa madukani kwa kawaida si huo. Unaotolewa ni kwamba samaki wa kwanza ni gharama ya kuanzia, kama mabomba na gundi, na hapo ndipo swali la maadili linapoanza.

Pingamizi la kwanza hutoka mtaani, na si dogo. Wandegeya ni mahali pa kula. Jioni ngege mzima huelea kwenye mafuta ya moto, sangara huuzwa vipande, mukene hupimwa na kumwagwa kwenye mifuko. Anayemaliza samaki mzima kwa chakula cha usiku atasumbuliwaje na gapi watatu? Tena ngege wa mvuvi naye hafi kwa raha. Hufa akitweta ndani ya mtumbwi. Kama kipimo ni uchungu wa kifo, tangi la kioo halina kesi mbele ya kikaango.

Kipimo, hata hivyo, si kifo. Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim inaeleza habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Kosa lake limetajwa kwa pande mbili: alimfungia bila kumlisha, na hakumwachia atoke akajitafutie wadudu wa ardhini. Hakuna anayedai kwamba paka wasio na mwenyewe walioshinda njaa siku hiyo mjini walikuwa juu ya shingo ya mwanamke yule. Kufungia ndiko kulikomtia hatiani, kwa sababu aliyefungia amekata njia zote za mnyama isipokuwa ile inayopitia mkononi mwake. Mvuvi humtoa samaki katika dunia yake mara moja na mambo yakaisha. Mwenye tangi hufanya kitu kizito zaidi, ingawa kinaonekana chepesi: hujifanya yeye kuwa dunia ya samaki. Ziwani samaki akikuta maji mabaya huhama. Akikosa oksijeni chini hupanda juu. Kwenye kioo hana pa kuhamia, na maji mabaya ni yale aliyochaguliwa.

Wanazuoni waliojadili ufugaji wa ndege tunduni waliuruhusu kwa sharti hilohilo, wakitegemea pia habari ya mtoto Abu Umayr na ndege wake mdogo, ambaye Mtume alimuulizia kwa upole wala hakukataza kufugwa kwake. Izzuddin ibn Abdissalam, faqihi aliyefariki Misri mwaka 1262, alikwenda mbali zaidi na kuorodhesha haki za wanyama juu ya wanaowamiliki. Miongoni mwake ni kugharimiwa hata wakiwa wazee au wagonjwa wasio na faida, kutochanganywa na kinachowadhuru, na kutengenezewa malazi na manyweo mazuri. Kwa mbuzi, malazi na manyweo ni vitu viwili. Kwa samaki ni kitu kimoja, nacho pia ni choo chake na hewa yake. Haki tatu nne za mbuzi humkuta samaki ndani ya ndoo moja ya maji, na ndiyo sababu kosa moja katika maji huvunja haki zote kwa pamoja.

Pingamizi la pili husema kwamba samaki hasikii maumivu. Lynne Sneddon na wenzake walichapisha Uingereza mwaka 2003 utafiti ulioonyesha kwamba samaki aina ya trauti ana neva za kupokea madhara na hubadilisha mwenendo anapochomwa na asidi mdomoni. Wapinzani, Brian Key wa Australia akiwa mmoja wao, hujibu kwamba bila gamba la ubongo kama la mamalia kuguswa na madhara si kuhisi maumivu. Mjadala huo haujafungwa. Kwa swali la tangi, hata hivyo, hauna uzito unaodhaniwa. Jeremy Bentham, aliyeandika mwaka 1789 kwamba swali la msingi ni kama mnyama anaweza kuteseka, angeusubiri kwa hamu. Mfumo wa haki kama wa Izzuddin hauusubiri, kwa kuwa mwenye haki hadaiwi kwanza cheti cha maumivu. Na wale waliomweka mnyama pembeni kabisa, Thomas Aquinas na baadaye Immanuel Kant, walikuwa na hoja yao: ukatili kwa mnyama ni mbaya kwa sababu humzoesha mtu ukatili kwa mwenzake. Kwa kawaida hoja hiyo huonekana dhaifu, maana humjali mnyama kwa kupitia mlango wa jirani. Lakini katika ushauri wa duka, wa kuwahesabu samaki wa kwanza kama gharama, Kant angeona hasa alichokiogopa: si hasira wala raha ya kuumiza, bali mazoea ya kuandika uhai kwenye safu ya matumizi.

Sasa linakuja swali gumu zaidi, la wakati. Inakubalika kwamba mfugaji ana wajibu kwa samaki wake. Wajibu huo huanza lini? Jibu la haraka ni kwamba huanza siku ya kununua, kwa sababu kabla ya hapo samaki ni wa mwingine. Jibu hilo halisimami. Siku ya kununua, jambo kubwa linalodaiwa, yaani koloni ya bakteria, linahitaji wiki nne hadi sita, na samaki anahitaji maji salama leo usiku. Kama wajibu umezaliwa siku hiyo, basi umezaliwa tayari umeshindikana, na wajibu usiowezekana si wajibu. Pana njia mbili tu: ama mfugaji hana deni lolote kuhusu maji, jambo ambalo hadithi ya paka inalikataa, ama deni lilianza kabla samaki hajawa wake.

Wasomi wa usuli fikihi walikwisha kutengeneza chombo cha kulitatua swali hilo. Kanuni yao ni kwamba jambo ambalo wajibu hautimii ila kwalo, nalo huwa wajibu. Sala haisihi bila udhu, kwa hiyo udhu hudaiwa pamoja na sala. Lakini waliweka mpaka muhimu: kuna masharti ya kuutimiza wajibu, na kuna masharti ya wajibu wenyewe kuwapo. Udhu ni wa aina ya kwanza. Nisabu ya zaka ni ya aina ya pili. Asiye na mali inayofikia kiwango halazimiki kutafuta mali ili apate kulipa zaka. Tangi lililokomaa liko upande gani? Mtu anaweza kusema liko upande wa nisabu: hakuna anayelazimishwa kufuga samaki, basi hakuna anayelazimishwa kukomaza maji. Ni kweli kwa yule asiyefuga kabisa. Kwa aliyekwisha azimia, aliyenunua kioo na kuchagua rangi ya changarawe, maji yamehamia upande wa udhu. Anabaki na uhuru wa kuacha. Hana uhuru wa kuingia bila sharti.

Wazo la kumwekea haki asiyekuwapo si geni hata katika mahakama. Katika mirathi ya Kiislamu, mtu akifa na kuacha mke mjamzito, fungu la mimba huhifadhiwa mpaka ijulikane ni nani atakayezaliwa. Mfanano huo, lakini, usivutwe kupita kiasi. Mtoto wa mirathi hajazaliwa. Samaki wa tangi yupo, anaogelea kwenye ndoo ya muuzaji, na kisichokuwapo bado ni uhusiano. Derek Parfit, mwanafalsafa wa Uingereza, alionyesha mwaka 1984 ugumu wa kusema kwamba mtu ambaye asingezaliwa vinginevyo amedhulumiwa kwa namna alivyozaliwa. Ugumu huo haumhusu gapi, kwa kuwa gapi ni yuleyule, akiingia leo au akiingia baada ya mwezi. Kinachobadilika ni dunia atakayoikuta.

Buganda ina mfano wake, wa namna nyingine. Watu wa ukoo wa Mmamba hawamli kambare mamba, ambaye ni muziro wao, yaani mnyama wa mwiko wa ukoo. Mwiko huo humshika mtoto tangu anapozaliwa, pengine miaka mingi kabla hajamwona samaki huyo hata mmoja. Hakuna samaki fulani aliyeufanya mkataba. Wajibu unaelekea kwa samaki yeyote wa aina hiyo atakayetokea, na mtu anajikuta ndani yake kabla ya kukutana naye. Anayedhani kwamba wajibu lazima uanze kwa kukabidhiana, kama risiti, atashindwa kuueleza muziro, ilhali watu wa kawaida huuishi bila shida.

Wakristo, ambao ndio wengi nchini Uganda, hupata jambo hilohilo katika mpangilio wa masimulizi. Katika sura ya kwanza ya Mwanzo maji, anga, nchi kavu na mimea hutangulia. Samaki huja siku ya tano. Habari ya Nuhu, ambayo Qurani nayo inaisimulia, iko karibu zaidi na tangi, kwa kuwa safina ni kifungo. Ilibidi ijengwe yote na, kwa masimulizi ya Biblia, ijazwe chakula kabla jozi ya kwanza haijapanda. Hakuna jozi iliyotangulizwa ili kujaribu kama mbao zinavuja. Samaki, bila shaka, hawakuhitaji nafasi humo.

Hapa hutokea swali ambalo wanafunzi wa theolojia hulipenda. Kama mwenye kioo anadaiwa, vipi Mwenye ziwa? Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara wengi walikutwa wameelea wamekufa kando ya Ziwa Viktoria na Ziwa Kyoga, na maelezo ya serikali ya Uganda yalikuwa upungufu wa oksijeni majini. Katika dimbwi jipya lililochimbwa na mvua, samaki wa kwanza kuingia huweza kufa pia, na hakuna anayewalilia. Majibu ya dini kuhusu mateso ya viumbe ni marefu na hayatamaliziwa kwenye tangi. Ila jambo moja linaweza kusemwa bila kuyagusa: mfugaji hawezi kuuazima udhuru wa Muumba. Theolojia inayoyastahimili maovu ya asili husema Mungu anaona mwisho wa mambo ambao binadamu haoni. Mwenye tangi haoni mwisho wowote zaidi ya sebule yake, na njia isiyo na vifo aliijua au angeweza kuijua kwa kuuliza.

Kwa nini basi watu hawasubiri? Maelezo ya kizembe husema Mwafrika hana mazoea na wakati ujao, na hapo jina la John Mbiti huburutwa. Mbiti, mzaliwa wa Kitui nchini Kenya, alifundisha Chuo Kikuu cha Makerere, hatua chache juu ya Wandegeya, kati ya 1964 na 1974, na kitabu chake African Religions and Philosophy kilitoka mwaka 1969. Akitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, alidai kwamba katika fikra za jadi wakati ni matukio: yaliyopita yana uzito mkubwa, na ya mbele ambayo hayajatokea karibu hayana nafasi. Alikosolewa vikali; Kwame Gyekye wa Ghana, kwa mfano, alionyesha kwamba Waakan wana dhana kamili ya wakati ujao. Hata akikubaliwa neno kwa neno, hata hivyo, Mbiti hamsaidii mwenye haraka. Aliacha nafasi kwa yale yaliyomo ndani ya mwendo wa maumbile, kama mavuno ya msimu ujao au mimba iliyokwisha tungwa. Wiki sita za bakteria zimo humo. Zaidi ya hayo, alisema kwamba anayeonekana ameketi tu hapotezi wakati. Anaungoja, au anauzalisha. Hayaelekei kupatikana maelezo bora kuliko hayo ya tangi lenye maji na mukene waliofungwa kitambaani. Kwa jicho la mpita njia halina kitu. Kumbe wakati unatengenezwa humo, na usipotengenezwa haupo wa kununuliwa.

Chanzo cha haraka ni soko na kalenda. Muhula wa Makerere una wiki 17; mwanafunzi wa hosteli atakayefuata utaratibu wote atatumia theluthi yake akitazama maji yasiyo na kitu. Kisha likizo inakuja, na koloni isipolishwa hupungua. Mwenye saluni aliyenunua tangi ili wateja wapate cha kutazama haoni faida ya kioo kitupu. Na muuzaji hapati pesa ya samaki mpaka samaki atoke dukani.

Kwa muuzaji kuna swali jingine, la ujuzi. Wahubiri huvutiwa kuifananisha kazi ya bakteria na imani, kwa kuwa nao hawaonekani. Mfanano huo haufai. Bakteria hawaombwi kuaminiwa. Matone machache ya dawa ya kupimia kwenye kijaribio hubadilika rangi na kusema amonia ipo au haipo. Anayesubiri wiki sita bila kupima hana imani kubwa kuliko anayepima, ana habari chache tu. Lakini vipimo hivyo ni ghali kwa mwanafunzi na si kila duka linavyo, na hapo mnunuzi hutegemea neno la anayemuuzia, ambaye ana sababu ya kutaka auze leo. Sheria ya biashara ya Kiislamu ina mfano wa moja kwa moja katika Sahihi ya Muslim: Mtume alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta unyevu chini, na akamkemea muuzaji kwa kutoiweka nafaka yenye unyevu juu watu waione. Kasoro ya nafaka ilikuwa ndani ya bidhaa. Samaki anaweza kuwa mzima kabisa na kasoro ikawa nyumbani kwa mnunuzi. Je, muuzaji anayejua kwamba tangi limejazwa jana ameficha kitu? Kwa herufi ya sheria, hapana. Bidhaa yake ni nzima. Kwa makusudi ya sheria ni vigumu kumwacha aende, hasa kama amesema maji yako tayari huku akijua kwamba wiki ijayo mnunuzi atarudi kununua wengine.

Limebaki fungu la pili la hadithi ya paka, lile la kumwachia. Mwanamke yule alikuwa na milango miwili, kulisha au kufungua, na yeyote aliyeshindwa na wa kwanza angetumia wa pili. Mfugaji wa samaki wa Wandegeya mara nyingi hana mlango wa pili. Gapi asili yake ni Amerika Kusini na visiwa vya jirani. Kumwaga samaki wageni katika mfereji wa Nsooba, unaopeleka maji ya bonde hilo kwenye kinamasi cha Lubigi na kuendelea kaskazini hadi mto Mayanja, ni kuhamishia madhara kwa viumbe wengine. Uganda haihitaji kuelezwa hilo kwa nadharia. Sangara aliingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, Geoffrey Fryer akaonya kwa maandishi mwaka 1960, na katika miaka ya 1980 samaki huyo alipofurika, aina nyingi za nkejje, wale ambao Mwanza huitwa furu, zilitoweka. Makadirio yanayotajwa sana ni aina 200 hivi. Baadhi ya zilizosalia zilihifadhiwa ndani ya matangi ya Ulaya na Marekani, na huko hakuna aliyewatanguliza furu wa mwisho ili wakomaze maji.

Mlango mmoja ukiwa umefungwa tangu mwanzo, uzito wote huangukia ule mwingine, na huo hufunguliwa kabla ya siku ya kununua. Kwa mwanafunzi anayemaliza masomo yake maana yake ni kwamba tangi haliuzwi kioo peke yake: samaki, maji na filta hukabidhiwa pamoja, sponji ikiwa bado mbichi, kwa mtu aliyeelezwa kwamba akiiosha kwa maji ya bomba atakuwa ameanza upya.